Madini yakizidi mwilini: uzi kwa mnaomeza vidonge kila asubuhi bila kupimwa

Damu_Haidanganyi (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wana jukwaa. Nafanya kazi maabara hapa Nairobi, sitasema ni wapi. Uzi huu unatokana na swali ninaloulizwa dirishani kila mara: "Daktari, hivi vidonge vya madini si ni chakula tu? Vitanidhuru vipi?" (Mimi si daktari, lakini ukivaa koti jeupe mji huu hata keateka anakuita daktari.)

Vinaweza kudhuru. Nitaeleza vipi.

Madini ninayozungumzia ni yale ambayo mwili unayataka kwa kiasi kidogo mno: chuma, zinki, shaba, aidini, seleniamu, manganizi, kromiamu, na floraidi nitaiweka humo humo kwa sababu ya maji yetu. Mengine hupimwa kwa miligramu, mengine kwa mikrogramu, yaani sehemu ya elfu ya miligramu. Chukua zinki. Mwanamume anahitaji miligramu 11 kwa siku, mwanamke 8, na kiwango cha juu ambacho wataalamu wa Marekani wamekiweka ni 40. Kidonge kimoja chenye miligramu 50 za zinki kimeshapita, na hapo hujala nyama wala maharagwe.

Nianze na chuma kwa sababu ndicho kinachomezwa zaidi. Kwa upande wa chuma, mwili wa binadamu ni matatu isiyo na mlango wa kushukia. Tunapoteza miligramu 1 hadi 2 kwa siku kupitia ngozi inayobanduka, utumbo, na kwa wanawake hedhi. Basi. Hakuna kiungo chenye kazi ya kutoa chuma kilichozidi; figo haziwezi. Kinga iliyopo ni ya kuzuia kisiingie: ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo hupunguza chuma kinachotoka utumbo kuingia damuni. Kinga hiyo ikilemewa, au mtu akizaliwa na hitilafu inayoidhoofisha, chuma hujikusanya. Kwanza kwenye ini, halafu kongosho, halafu moyo. Ini hupata makovu, kongosho hushindwa kutoa insulini na mtu anaingia kisukari, moyo unaanza kupiga ovyo. Inachukua miaka, na kwa miaka hiyo yote mgonjwa anaweza kuwa analalamika uchovu na maumivu ya viungo tu. Akienda kemisti na malalamiko ya uchovu anauziwa nini? Dawa ya kuongeza damu, ambayo ni chuma.

Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

---

Chuma_Roysambu

Buda, umeanza na vitisho. Mimi niko jimu mwaka wa tatu, nameza zinki 50 asubuhi na 50 jioni tangu enzi za Korona, na sijawahi kuugua hata mafua. Kocha wetu ndiye alituambia, zinki inapandisha homoni za kiume. Hao wataalamu wa Marekani wanapimia watu wanaokaa ofisini.

---

Mbongo_Ngara

Mkuu Chuma, jina lako na mada vimegongana vizuri sana leo 😂

Ila swali la kweli: nyumbani Bongo watoto wakiharisha wanapewa zinki hospitali. Kama ni sumu mbona wanapewa?

---

Damu_Haidanganyi

Mbongo, mtoto anayeharisha hupewa miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (chini ya miezi sita, 10), kisha inakoma. Anapoteza zinki nyingi kwenye choo, inarudishwa, kazi imeisha. Chuma_Roysambu anameza 100 kwa siku, miaka imepita, na hakuna aliyempima. Ni dawa ile ile, mambo mawili tofauti kabisa.

Chuma_Roysambu, kuhusu homoni: aliyepungukiwa na zinki akipewa, homoni zake hurudi mahali pake. Ambaye hajapungukiwa hapati nyongeza. Kocha wako amechukua nusu ya habari.

Lakini nataka uelewe kinachotokea ndani. Zinki ikiwa nyingi utumboni, seli za ukuta wa utumbo hutengeneza protini iitwayo metalothionini. Protini hii inashika metali, na ajabu yake ni kwamba inaishika shaba kwa nguvu kuliko inavyoishika zinki yenyewe iliyosababisha itengenezwe. Shaba ya chakula chako inanaswa pale pale ukutani. Seli za utumbo huishi siku chache tu, zinabanduka, zinaenda chooni na shaba yako. Ukiendelea miezi na miezi, mwili unaishiwa shaba.

Na shaba ikiisha? Uboho unashindwa kutengeneza damu sawasawa. Unapata upungufu wa damu usiosikia vidonge vya chuma, chembe nyeupe zinashuka, na baadaye uti wa mgongo unaharibika: ganzi miguuni, kutembea kama mlevi. Damu huweza kurudi ukiacha zinki na kuongezewa shaba. Mishipa ya fahamu mara nyingi hairudi yote. Watu walifika huko Marekani kwa njia ambayo ungeicheka: krimu ya kugandishia meno bandia. Ilikuwa na zinki, wao wakawa wanapaka kopo baada ya kopo kwa miaka, madaktari wakashangaa hawa wazee ganzi inatoka wapi. Ripoti zilitoka mwaka 2008, na mwaka 2010 mtengenezaji mmoja mkubwa akaiondoa zinki kwenye krimu zake.

Ganzi miguuni unayo?

---

Chuma_Roysambu

Ganzi hapana. Vidole vya miguu vinachomachoma usiku lakini hiyo ni viatu.

---

Sista_wa_Zamu

Kaka, hiyo usiiite viatu. Nenda upimwe shaba na zinki ya damu, pamoja na hesabu kamili ya damu na vitamini B12, maana B12 ikipungua hufanana na hali hiyo hiyo. Na leo usimeze.

Sasa wewe Damu. Nimesoma hapo juu ukiuita mwili matatu isiyo na mlango wa kushukia chuma, na najua kitakachofuata: Jumatatu kina mama watakuja kliniki wameacha vidonge vyao "kwa sababu mtandaoni wamesema ini litaoza". Mimi nimeshika mikono ya wanaotoka damu wakijifungua huku wakiwa hawana damu ya kupoteza. Tafadhali andika wazi: mjamzito asiache vidonge vya chuma na foliki alivyopewa kliniki.

---

Damu_Haidanganyi

Sista, umesema kweli na naandika kwa herufi kubwa: MJAMZITO ALIYEPEWA CHUMA NA FOLIKI KLINIKI AENDELEE KUMEZA. Ukiona vinakuchafua tumbo, rudi kliniki uwaambie, usivitupe chini ya kitanda.

---

MamaWawili_Kayole

Samahani nauliza kama mtu asiyejua. Nimegoogle, chuma mwisho ni miligramu 45 kwa siku. Kidonge changu cha kliniki nikiwa na mimba ya pili kilikuwa na 60. Nani muongo?

---

Damu_Haidanganyi

Mama, hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, na hakuna muongo.

Ile 45 ni kiwango cha mtu mzima wa kawaida anayejimezea bila mtu wa kumwangalia. Iliwekwa hasa kwa kuangalia tumbo: juu ya hapo watu wengi huanza kichefuchefu, kufunga choo, maumivu. Haikuwekwa kwa mgonjwa aliye chini ya uangalizi. Mjamzito ana mtoto na kondo la nyuma vya kulisha, na damu yake mwenyewe inaongezeka, mahitaji yake yamepanda, na kliniki wanampima damu akiendelea. Miezi yenyewe ina mwisho. Tatizo ni baba mtu anayemalizia vidonge vilivyobaki vya mkewe, mwaka mzima, kwa sababu "vinaleta nguvu". Mwanaume hana hedhi wala mimba. Kikiingia kimeingia.

Jingine la kujua, hata kwa anayehitaji kweli: ukimeza chuma leo, hepsidini hupanda na kukaa juu karibu siku nzima, kwa hivyo kidonge cha kesho kinaingia kidogo. Kuna utafiti wa Uswisi uliotoka mwaka 2017, kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma, ulioonyesha kwamba kumeza siku moja na kuruka moja huingiza chuma zaidi kwa kila kidonge kuliko kumeza kila siku. Hiyo usijipangie mwenyewe, mjamzito hasa. Muulize anayekutibu.

---

DawaAsilia254

Ndugu zangu hapa mnazungumzia madini ya viwandani. Sisi tuna unga wa mimea wenye madini 72 ya asili, hayana madhara kwa sababu mwili unachukua unachotaka na kutoa unachokataa. Njoo inbox.

---

Mbongo_Ngara

Madini 72! Hata Geita kwenye migodi ya dhahabu hawana mengi hivyo.

---

Damu_Haidanganyi

Risasi na zebaki pia ni za asili, ndugu. "Mwili unatoa unachokataa" tumeshaona kwa chuma kwamba si kweli. Kwa manganizi mwili hujitahidi, unaitoa kupitia nyongo, lakini njia hiyo inapita kwenye ini: ini likiharibika, manganizi hubaki, hupanda ubongoni, mtu anaanza kutetemeka na kukakamaa kama mwenye ugonjwa wa Parkinson. Ukitaka kuuza, weka karatasi ya maabara inayoonyesha kila madini ni miligramu ngapi kwa kijiko.

Hata viwanda vilivyosajiliwa vinakosea. Mwaka 2008 Marekani kinywaji kimoja cha lishe kilitoka na seleniamu mara 200 ya ilivyoandikwa kwenye lebo. Watu 201 waliugua katika majimbo 10. Kuharisha, nywele kudondoka, kucha kubadilika rangi na kuvunjika, viungo kuuma, na baadhi yao dalili ziliendelea miezi mitatu na zaidi. Walikuwa wanakunywa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye chupa.

---

Mzee_wa_Majengo

Vijana, shikamooni kwa niaba yenu wenyewe, maana hamjanisalimu.

Mimi nimekaa Pumwani tangu nyumba za Majengo ni za udongo. Zamani pombe ilipikwa kwenye mitungi. Baadaye likaja pipa la chuma. Mganga mmoja wa hospitali aliwahi kutuambia pombe ya pipa "inatia kutu kwenye ini", tukamcheka, tukasema ini linaharibiwa na pombe yenyewe. Leo nasoma hapa mambo ya chuma nimemkumbuka. Alikuwa na maana?

---

Damu_Haidanganyi

Marahaba kwa kulazimishwa, mzee wangu 🙏🏾 Shikamoo.

Alikuwa na maana kubwa. Ugonjwa huo unajulikana, na umeandikwa tangu mwaka 1929. Ulionekana sana Afrika Kusini na Zimbabwe, mahali ambapo pombe ya kienyeji ilihama kutoka vyungu vya udongo kwenda mapipa ya chuma. Pombe inayochacha huwa na asidi, na uchachu huo unakula ukuta wa pipa na kuyeyusha chuma. Pombe hizo zilipimwa zikakutwa na miligramu 40 na zaidi za chuma kwa lita moja, na anayekunywa hanywi lita moja. Chuma cha namna hiyo, kimeshayeyuka, kinaingia mwilini kwa urahisi. Matokeo yake ini lenye makovu, saratani ya ini, kisukari. Hata vitamini C mwilini iliteketezwa na chuma kilichojaa, watu wakapata mifupa dhaifu.

Zamani wazungu waliupa jina la Wabantu, kana kwamba ni ugonjwa wa kabila. Mwaka 1992 watafiti wakaonyesha kwamba pombe peke yake haielezi kila kitu: inaonekana kuna urithi wa jeni unaofanya baadhi ya Waafrika wajikusanyie chuma kuliko wenzao wanaokunywa pipa lile lile. Kwa hivyo mzee, ini la mnywaji wa pipa lilikuwa na kesi mbili, pombe na chuma, na moja humzidishia mwenzake makali.

---

Mzee_wa_Majengo

Na bia ya kiwandani je? Au hiyo ni salama kwa kuwa ina lebo 😄

---

Damu_Haidanganyi

Mzee unanitega, lakini kisa kipo. Mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec, Kanada, wanywaji wakubwa wa bia walianza kuingia hospitali na mioyo iliyovimba na kushindwa kusukuma damu. Karibu watu 50, na 20 hivi wakafa. Kiwanda kilikuwa kinatia kobalti kwenye bia ili povu lisimame vizuri kwenye glasi. Kobalti ni madini tunayoyahitaji kidogo sana, yamo ndani ya vitamini B12. Kiasi kilichotiwa kilikuwa kidogo pia, kidogo kuliko walichopewa wagonjwa wengine kama dawa ya damu bila moyo kufa. Lakini wanywaji hawa walikuwa wanakunywa lita nyingi kwa siku na kula vibaya, protini hakuna, na moyo wenye njaa haukuvumilia. Kobalti ikaondolewa, ugonjwa ukakoma.

Kisa hicho nakipenda, Mungu anisamehe kusema napenda, kwa sababu kinaonyesha kwamba kipimo kimoja hakimpati kila mtu sawa. Aliyekula vizuri alipona, aliyekunywa badala ya kula alizikwa.

---

MamaWawili_Kayole

Nirudi kwa watoto. Mwaka jana mtoto wa jirani, miaka miwili, alikula vidonge vya damu vya nyanyake, vile vyekundu vyenye sukari juu. Akatapika sana, kisha jioni akawa mzima kabisa, anacheza. Mama yake akataka kumlaza nyumbani, mimi ndiye nilipiga kelele mpaka wakampeleka. Walimlaza siku kadhaa. Nilikuwa nakuza mambo?

---

Sista_wa_Zamu

Dada yangu, uliokoa mtoto. Hiyo nafuu ya jioni ndiyo inayoua. Chuma kikimezwa kingi kwa mpigo kinachoma tumbo, mtoto anatapika, mara nyingine damu. Baada ya saa sita hivi anaonekana amepona, na anaweza kukaa hivyo mpaka siku ya pili. Kumbe chuma kimeingia damuni na kinashambulia ini na moyo. Halafu anaanguka ghafla, ini limekufa.

Hesabu yenyewe: kidonge cha kawaida cha miligramu 200 za chumvi ya chuma kina miligramu 65 za chuma halisi. Mtoto wa kilo 12 akimeza vinne amepata zaidi ya miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake, na hapo ndipo dalili huanza. Ikifika 60 kwa kilo, maisha yake yako hatarini. Vidonge kumi na moja au kumi na viwili tu. Hospitali ipo dawa ya kukivuta chuma kitoke kwenye mkojo, lakini inataka mtoto afike mapema. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa chumvi, mpeleke na ubebe pakiti yenyewe.

Na jamani, vidonge hivyo msiviite peremende mnapowabembeleza watoto wavimeze.

---

Mbongo_Ngara

Hapo kwenye chumvi ya chuma na chuma halisi sijaelewa. Kopo langu la zinki limeandikwa 220. Nimekwisha kufa?

---

Damu_Haidanganyi

Bado 😄 Geuza kopo, soma nyuma. Zinki salfeti miligramu 220 ina zinki halisi 50. Uzito mkubwa ni wa chumvi nzima, madini yenyewe ni sehemu tu. Makopo mengine huandika uzito wa madini halisi moja kwa moja, ndiyo maana "50" ya Chuma_Roysambu na "220" yako zinaweza kuwa kitu kimoja. Picha za makopo mnazonitumia ni za mbele, zenye msuli na simba. Nitumieni za nyuma.

Nimalizie shaba, kwa sababu kuna mtindo umeingia wa kulaza maji kwenye jagi la shaba na kuyanywa asubuhi na limau. Maji matupu yaliyolala usiku kwa mtu mwenye ini zima hayana kesi kubwa. Tia limau humo ndani, uchachu unaikwangua shaba kama pombe inavyokwangua pipa. India kulikuwa na ugonjwa wa ini ulioua watoto wadogo, na ulihusishwa na maziwa yaliyochemshwa na kuwekwa kwenye vyombo vya shaba na vya shaba njano (shaba iliyochanganywa na zinki). Vyombo vikabadilishwa, ugonjwa ukapungua mno. Milimani Tyrol, Austria, ukaonekana vile vile, sufuria za shaba na maziwa ya watoto. Ini la mtoto mchanga halijakomaa kuitoa shaba kupitia nyongo.

Kuna pia wanaozaliwa hawawezi kuitoa kabisa, ugonjwa wa Wilson, ulioelezwa mwaka 1912. Shaba inajaa kwenye ini, kisha ubongo, na machoni inachora pete ya kahawia. Na hawa, Chuma_Roysambu sikiliza, dawa yao mojawapo ni zinki, miligramu 50 mara tatu kwa siku, kwa makusudi kabisa ya kuzuia shaba isiingie. Wewe umekuwa unameza theluthi mbili ya dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Watakaouliza kuhusu maini: ndiyo, kipande cha gramu 85 cha maini ya ng'ombe kina shaba kama miligramu 12, na kiwango cha juu ni 10. Kuleni maini yenu kwa amani mara moja kwa wiki, mwili wenye afya unaitoa. Mwenye Wilson ndiye asiguse.

---

Chuma_Roysambu

Nimeacha tangu jana. Msinisute.

Lakini ugali je? Pakiti zote zimeandikwa zimeongezwa madini. Si tunazidishiwa na serikali bila kuulizwa?

---

Damu_Haidanganyi

Hakuna anayekusuta. Unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti Kenya lazima uongezwe chuma, zinki na vitamini tangu mwaka 2012, na chumvi ilianza kutiwa aidini zamani, miaka ya 1970. Kiasi cha kwenye unga ni kidogo, ugali peke yake haukufikishi kwenye hatari hata ukila mchana na usiku. Na wengi mtaani wanakula unga wa posho ambao hauna nyongeza hizo. Mimi unga wa pakiti nauunga mkono. Wasiwasi wangu ni juu ya mtu anayeweka unga huo, kisha kidonge cha chuma, kisha multivitamini, kisha unga wa DawaAsilia, na hajawahi kujumlisha.

Aidini kwa haraka: kupungua huleta rovu, kuzidi pia huleta rovu, na tezi ya shingoni (thairoidi) inaweza kulala au kuamka kupita kiasi. Zimbabwe walipoanza chumvi yenye aidini miaka ya 1990, waliopata tezi iliyoamka kupita kiasi waliongezeka, hasa wenye rovu za zamani, na moyo ndio ulioumia. Vidonge vya mwani wa kahawia kutoka ng'ambo vinaweza kuwa na aidini nyingi mno. Mwani mwekundu wetu wa Kwale una kidogo kuliko huo.

Kromiamu ya kupunguza uzito: mwaka 1998 iliripotiwa mwanamke aliyekuwa akimeza mikrogramu 1200 hadi 2400 kwa siku kwa miezi minne mitano, figo zilifeli na ini likaathirika. Ni mtu mmoja, haithibitishi kwamba itampata kila mtu. Mimi lakini singeimeza.

---

Sista_wa_Zamu

Ongeza la Pemba, Damu. Mimi hulitumia kuwafundisha wanafunzi.

Pemba, kwenye malaria nyingi, watoto wadogo walipewa chuma na foliki kila siku bila kupimwa kwanza, kuona kama damu yao itaongezeka na vifo kupungua. Waliopewa chuma wakalazwa na kufa zaidi ya wasiopewa. Sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Walipochunguza zaidi, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walifaidika. Walioumia ni wale ambao chuma chao kilitosha. Tangu hapo kwenye malaria chuma cha watoto kinaendana na chandarua na matibabu ya malaria.

Na wenye watoto wa selimundu: damu yao ni chache lakini mara nyingi chuma ni tele, hasa wanaoongezewa damu. Kila painti ya damu inaingiza miligramu 200 hadi 250 za chuma. Msiwanunulie dawa ya damu kemisti kwa kuona macho meupe.

---

Mzee_wa_Majengo

Nikitaka kupimwa hicho chuma niseme nini dirishani? Nisiseme "nipime pipa".

---

Damu_Haidanganyi

😄 Mzee, omba feritini (protini inayohifadhi chuma), na ujazo wa transferini (yaani protini inayobeba chuma damuni imejaa kiasi gani), ukiwa hujala asubuhi. Feritini peke yake inapotosha, hupanda hata ukiwa na maambukizi au ini lililochoka kwa pombe. Ujazo ukizidi asilimia 45 na feritini iko juu, muone daktari wa ini. Ikithibitika, tiba yenyewe ni ya kizamani: unatolewa damu, painti kwa painti, mwili unachota chuma kwenye akiba kutengeneza mpya. Chai yako ya rangi pamoja na chakula pia inapunguza chuma kinachoingia. Ndiyo maana mjamzito tunamkataza kumeza kidonge kwa chai, na wewe tunakuruhusu.

---

Lori_la_Maji

Nimefuata uzi wote kimya. Mimi nauza maji kwa lori, Embakasi na Syokimau. Umesema utataja floraidi ukanyamaza. Ploti moja ninayopelekea wana kisima chao kirefu, karatasi ya vipimo imeandikwa floraidi 3.8. Watoto pale wana meno ya kahawia, wazazi wanasema ni kutopiga mswaki. Keateka anasema wanachemsha, kwa hivyo ni salama.

---

Damu_Haidanganyi

Nashukuru umenikumbusha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi virefu vya Nairobi vinapita hapo kwa sababu ya mawe ya volkano tuliyokalia. 3.8 ni zaidi ya maradufu.

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haifi, na maji yakipungua kwenye sufuria inakolea. Meno yanaharibika yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya ufizi, kabla ya miaka minane hivi, kwa hivyo mswaki hauna kosa wala msaada. Kwa watu wazima, miaka mingi ya maji ya 3 hadi 6 huanza kugusa mifupa na viungo. Figo ndizo zinazotoa floraidi, hivyo mwenye figo dhaifu hapo kwenye ploti anajaza mifupa haraka kuliko jirani yake. Muulizie kwanza huyo, na watoto wanaokorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo.

Maji ya mfereji ya Nairobi, kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ni ya mito, floraidi yake ni ndogo. Wakichanganya nusu kwa nusu na ya kisima inashuka kama hadi 2, bado juu. Robo ya kisima na robo tatu ya mfereji inaingia ndani ya kiwango. Au kisima kiwe cha kufua na kuoshea, cha kunywa kiwe cha mfereji au mvua. Mkaa wa kawaida kwenye chujio hauishiki floraidi. Mkaa wa mifupa unaishika, Nakuru wanautengeneza kwa kazi hiyo. Mashine ya kuchuja kwa shinikizo pia inaiondoa, ila umeme na maji yanayomwagika ni gharama.

---

Lori_la_Maji

Mashine mwenye nyumba hatanunua, namjua. Lakini tangi la juu lina sehemu mbili na ile ndogo haitumiki. Nikiwaletea ya mfereji mara mbili kwa wiki hiyo ndogo inatosha kunywa na kupika kwa nyumba zote kumi na sita. Jumamosi naenda kukusanya pesa, nitaibeba ile karatasi niwaonyeshe kina mama kabla ya yeye.